Rufaa na Kitenzi Chake: Maneno Yanavyoandamana katika Lugha ya Mahakama

Kitenzi kukata, katika mazungumzo ya kila siku, huandamana na nomino zisizo na idadi: mti, nyama, kitambaa. Maana yake ndiyo inayozichagua. Sivyo ilivyo katika kukata tamaa au kukata shauri, ambapo mazoea ya wasemaji ndiyo yanayotawala. Lugha ya kitaaluma huenda mbali zaidi: kitenzi na nomino hufungamana kuwa istilahi moja.

Mfano ulio wazi ni rufaa. Mahakamani, mshtakiwa asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, na hukumu yenyewe hukatiwa rufaa. Hospitalini, nchini Tanzania, neno hilohilo lina kitenzi kingine: mgonjwa hupewa rufaa ili akatibiwe katika hospitali kubwa zaidi. Asemaye kwamba mgonjwa amekata rufaa hakosei sarufi hata kidogo. Amemtoa tu mgonjwa kitandani akampeleka kizimbani.

Shauri nalo hubadili wenzake. Nyumbani huombwa, hutolewa, hukatwa. Mbele ya hakimu hufunguliwa, husikilizwa, huahirishwa, kisha huamuliwa. Hakimu aliyekwisha kukata shauri kabla ya ushahidi, kwa maana ya nyumbani, hafai kusikiliza shauri kwa maana ya mahakama.

Kwa mfasiri wa Kongo, ambako lugha rasmi ni Kifaransa, jambo hili lina uzito wa pekee. Kifaransa husema prêter serment, na prêter peke yake ni kuazima. Waswahili hawaazimi kiapo, hukila. Orodha ya istilahi inayopanga nomino tupu (serment ni kiapo, appel ni rufaa) humpa mfasiri jina bila kitenzi, naye hukiazima kitenzi kutoka Kifaransa. Kosa la kiapo huchekesha tu. Lakini appel ni mwito pia. Mshtakiwa akielezwa haki yake ya rufaa kwa maneno ya kuita na kuitwa, aweza kukaa akingoja mwito, na muda wa kukata rufaa ukampita.

Kidahizo rufaa, basi, kingefaa kuandikwa pamoja na kukata rufaa, kukatia hukumu rufaa, kuondoa rufaa, kutupilia mbali rufaa. Na kando, kwa alama ya tiba, kupewa rufaa.