«Mvivu» ao mgonjwa? Maneno yetu ya usingizi yanaweza kuficha mengi

Mwanafunzi anafika shuleni baada ya kengele. Sentineli anakutwa amelala kwenye lango. Mfanyakazi anasinzia mbele ya mkubwa wake. Wakiulizwa, wote watatu wanajibu: «Usingizi ulinibeba.» Na wote watatu wanapewa jina moja: mvivu.

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, jina hilo linatoka mdomoni haraka. Lakini ukisikiliza Kiswahili chetu cha kila siku, lugha yenyewe haimhukumu aliyelala. Tunasema usingizi umekuja, umemshika, umembeba, ao mtu amepitiwa na usingizi. Katika maneno hayo yote, usingizi ndio unaotenda. Mwenye kulala anatendewa tu. Neno «uvivu» tunaliongeza sisi wenyewe asubuhi.

Kulala kuna maana nyingi

Kulala ni kufunga macho, lakini pia ni kupitisha usiku mahali fulani. Ndiyo maana familia inayokimbia mapigano inasema «tulilala porini», hata kama hakuna aliyepata usingizi. Asiyekula jioni amelala njaa. Mgonjwa anayebaki hospitali amelazwa. Na kiongozi asiyefanya kazi yake, raia wanasema amelala, hata kama wanamwona akipita mchana kutwa.

Kusinzia ni kitu kingine: macho yanajifunga, kichwa kinaanguka, mtu yuko kati ya kulala na kuwa macho. Wale wa Rutshuru, Masisi ao Goma wanaosema pia Kinyarwanda waangalie hapa, kwa sababu kwao «gusinzira» ni kulala kabisa. Maneno yanafanana, maana haziko sawa. Mbele ya muganga, tofauti hiyo ina uzito.

Usiku wenyewe ulikuwaje?

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau saa 7 kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Tufanye hesabu: mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili achote maji kabla ya shule, alipaswa kuwa amelala tangu saa mbili usiku. Ni nyumba ngapi zinazoweza hilo? Kuna mitaa ambako umeme unarudi usiku wa manane, na ndipo wamama wanaamka kupika, kupiga pasi na kuchaji simu. Pale risasi zinaposikika, nyumba nzima inakesha. Mtu aliyepitia usiku wa namna hiyo akichelewa kuamka, mwili wake unadai deni tu.

Usingizi unapokuwa ugonjwa

Kuna pia ugonjwa uliopata jina lake katika neno kulala: malale. Unaletwa na kimelea kinachopitishwa na mbung'o, yule inzi anayeitwa pia tse-tse. Kongo ndiyo nchi ambako wagonjwa wengi zaidi wa malale wamepatikana miaka hii, na Maniema na Tanganyika ni kati ya majimbo yanayoujua ugonjwa huo.

Unaanza na homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, na mwili kuwasha. Wengi wanaweza kudhani ni malaria. Baadaye kimelea kinafika kwenye ubongo, na hapo usingizi unageuka: mgonjwa anasinzia mchana, anakesha usiku, anachanganyikiwa, tabia yake inabadilika. Nyumbani wanaweza kumwita mvivu, ao kusema amerogwa, na siku zinapita. Asipotibiwa, malale huua karibu kila mara.

Lakini malale inatibika. Mwaka 1998, karibu wagonjwa 40,000 waliandikwa barani Afrika; mwaka 2018 hesabu hiyo ilishuka chini ya 1,000. Mwaka huo huo Kongo ilikubali fexinidazole, dawa ya vidonge iliyojaribiwa hapa nchini. Inamezwa siku 10, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kutiwa dawa kwa sindano. Dawa za malale zinatolewa bure.

Si kila anayelala sana ana malale. Malaria, upungufu wa damu, huzuni nzito, pombe, hata dawa fulani, zinaweza kumlemea mtu kwa usingizi. Ni muganga anayepaswa kutafuta sababu, na maneno yetu ndiyo yanayomsaidia.

Kwa hiyo ukimpeleka ndugu kwenye kituo cha afya, usiseme tu «analala sana». Eleza ilianza lini. Eleza kama anasinzia mchana, anakosa usingizi usiku, ao analala saa nyingi bila kupumzika. Taja homa, na taja kama aliishi ao alisafiri kwenye sehemu za mbung'o, hata kama ni miaka iliyopita, kwa sababu malale inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kuonekana.

Kila asubuhi tunaulizana «Ulilala salama?», kisha tunapita bila kungoja jibu. Kwa yule aliyechelewa kuamka leo, tungoje jibu lake.