Wasomaji wa Tunduma Wasipimwe kwa Vitabu vya Mtihani

Kwa miaka mingi, vitabu vinavyotoka haraka katika maduka ya miji yetu midogo ni vile vilivyoagizwa na shule. Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, Ngoswe cha Edwin Semzaba: mzazi anafika na jina la kitabu kwenye karatasi, analipa, anaondoka. Ni vitabu vizuri. Takadini peke yake, kwa kumweka mtoto mwenye ualbino katikati ya hadithi, kimefanya kazi ambayo mahubiri mengi hayakuiweza. Lakini mauzo hayo yanatuonyesha mtaala unataka nini. Kuyatazama katika duka la Tunduma au Vwawa, kisha kuhitimisha kwamba watu wa mkoa wetu wa Songwe hawasomi mpaka wasukumwe na mtihani, ni kuwaonea.

Historia inawatetea. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Riwaya hizo za upelelezi zilipita mkono kwa mkono bila mwalimu yeyote kumlazimisha mtu. Kisha hadithi za mfululizo za Eric Shigongo zikawafanya watu walisubiri gazeti la wiki kwa hamu. Leo hadithi zinauzwa sehemu kwa sehemu kupitia WhatsApp, na msomaji anatuma fedha ili apate sehemu inayofuata. Anayesema simu imeua usomaji atueleze kwanza watu hao wanalipia nini.

Kinachozuia riwaya isifike rafuni ni mtaji. Kitabu cha kiada kilichonunuliwa Desemba kina hakika ya kuondoka Januari shule zikifunguliwa. Riwaya ikikaa miezi minane, fedha ya mwenye duka imelala. Siwezi kumlaumu kwa kujaza madaftari na kalamu mahali pa fasihi. Lakini biashara nyingine nchini zimeshapata dawa ya tatizo hili: mali kauli. Unachukua mzigo, unauza, ndipo unalipa; usipouzika, unarudisha. Kwa nini Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021, isifike Tunduma kwa utaratibu huo?

Wapo watakaotaja umbali, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Hoja hiyo ni dhaifu katika mji unaopokea malori ya bandarini usiku na mchana, na wenye stesheni ya TAZARA. Tena malori hayo yanaleta wasomaji: hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2019, dereva anayengoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, bado ana saa nyingi za kukaa. Hoja ya bei ni nzito zaidi, kwa sababu familia inayohesabu unga haitanunua riwaya kila mwezi. Hata hivyo, bei ya nakala moja hupanda pale kitabu kinapochapwa kwa idadi ndogo, na idadi itabaki ndogo maadamu miji kama huu haihesabiwi kuwa soko. Kwa asiyeweza kununua, duka linaweza kukodisha kwa siku chache.

Wachapishaji wa Dar es Salaam, pelekeni nakala kumi kumi za riwaya kwa mali kauli katika maduka ya Tunduma, Vwawa na Mlowo kwa mwaka mmoja, kisha mfanye hesabu.