Giza Kuingia: Usemi Wetu na Umeme wa Retina

Jua likichwa huko Pande, wilaya ya Kilwa, husemwa kwamba giza linaingia. Ng'ambo nilikosomea nilizoea kuelezwa kuwa giza ni kukosekana kwa nuru tu, nami nikarudi nikiuhesabu usemi wetu kuwa ni mfano wa washairi. Habari za retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho upokeao nuru, zimenitia shaka.

Mwaka 1865 Frithiof Holmgren wa Uswidi aliona kwamba nuru ikiliangukia jicho la chura, umeme wa jicho hubadilika. Na mwaka 1933 Ragnar Granit akauchambua umeme huo katika sehemu tatu. Nuru ya ghafula huleta kwanza wimbi fupi la kushuka, kisha wimbi kubwa la kupanda. Lakini nuru ikibadilika polepole mawimbi hayo hunywea, kwa kuwa seli hupata wasaa wa kujirekebisha. Ndiyo maana mtu aketiye barazani hatambui ni dakika ipi mchana umemwacha. Na Pande, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini ya ikweta, utusitusi si mrefu: tangu jua kuzama hata kufika nyuzi 6 chini ya upeo ni dakika 21 hadi 23 tu, na katika muda huo mwanga hupungua kwa kiasi cha mara 100.

La ajabu zaidi ni hili. Seli zipokeazo nuru, zile zenye umbo la fito na zile zenye umbo la pia, hazilali gizani. Gizani umeme wake ni kama millivolti 40 hasi, nazo hutoa kemikali iitwayo glutamati mfululizo. Nuru ijapo, umeme huzidi kuwa hasi, hata kukaribia 70, na kemikali hupungua. Basi kwa seli hizo giza si utupu. Ni kazi inayoanza.

Sidai kwamba wazee wa Kilwa walijua habari za sodiamu; lugha haipimi umeme, na mwafaka huu ni wa bahati. Ila mtungaji wa kitabu cha shule aandikaye kwamba seli ya jicho "huwaka" ipatapo nuru humpotosha mwanafunzi. Ningependelea "hutulia", na jioni, aseme bila haya kwamba giza limeingia.