Pangaboi na Taa Vikizimika kwa Pamoja: Pa Kuanzia na Pa Kukomea

Pangaboi na taa ya chumba kimoja vinapoacha kufanya kazi kwa wakati mmoja, wakazi wengi hudhani kwamba vifaa hivyo vimeungua. Ni nadra vifaa viwili kuharibika kwa dakika ileile. Mara nyingi hitilafu huwa katika njia ya umeme inayovilisha vyote viwili, na njia hiyo hukaguliwa kuanzia kwenye mita kuelekea darini.

Kabla ya ukaguzi wowote, ni muhimu kutambua kwamba pangaboi lililonyamaza si ushahidi kwamba darini hakuna umeme. Umeme wa majumbani nchini, wenye volti 230, hufika kwenye kifaa kwa waya wa laini na kurudi kwa waya wa nyutro. Nyutro ikikatika, taa haiwaki na pangaboi halizunguki, ilhali waya wa laini ungali na umeme kamili. Vilevile, katika nyumba ambazo swichi ilifungwa kimakosa kwenye nyutro, holda ya taa hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyo, kuzima swichi ya ukutani pekee hakumlindi anayepanda ngazi; lazima meni swichi izimwe.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kama tatizo ni la chumba kimoja, la nyumba nzima au la mtaa. Ikiwa nyumba nzima haina umeme na majirani wanao, mita ya LUKU iangaliwe kama uniti zimekwisha. Ikiwa majirani nao hawana umeme, taarifa itolewe TANESCO kwa namba ya bure 180.

Hatua ya pili ni kukagua saketi breka. Taa na mapangaboi kwa kawaida huwa na breka yake, tofauti na ile ya soketi. Ndiyo maana redio huweza kulia huku taa zikiwa zimezimika. Breka iliyojiangusha irudishwe mara moja tu, baada ya kuzima swichi zote za taa. Ikianguka tena, iachwe hivyo hivyo hadi fundi afike. Kuweka breka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, ni kuondoa kinga iliyowekwa ili nyaya zisipate moto na kuunguza nyumba.

Hatua ya tatu ni vifaa vyenyewe. Meni swichi ikiwa imezimwa na balbu ikiwa imepoa, balbu ibadilishwe kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima. Kisha umeme urudishwe na regulata ya pangaboi iwekwe kwenye kasi ya juu. Ikiwa taa inawaka na pangaboi linavuma bila kuzunguka, huenda kapasita imechoka. Ikiwa vyote vimebaki kimya wakati vyumba vingine vina umeme, hitilafu inaweza kuwa kwenye swichi za chumba hicho au kwenye viungio vya nyaya vilivyolegea.

Hapo ndipo mkazi anapopaswa kukomea. Swichi yenye joto, alama nyeusi, cheche au harufu ya plastiki inayoungua ni sababu ya kuzima meni swichi papo hapo. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, fundi aombwe pia kufungua vifuniko vya taa na kuondoa wadudu wa ziwani, ambao hufuata mwanga, hufa na kurundikana humo. Pamoja na unyevu, uchafu huo huweza kudhoofisha viungio.

Fundi anayeitwa awe na leseni ya EWURA, na mkazi ana haki ya kuomba kuiona. Vishoka huvutia kwa bei nafuu, lakini kiungio kibovu kilichofichwa juu ya dari huendelea kupata joto bila mtu kukiona. Fundi makini huzima meni swichi, hupima kwa kifaa kabla ya kugusa waya, na hategemei rangi za nyaya peke yake. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba mapema, kwa kuwa nyaya zilizo darini huhudumia pia vyumba vya wapangaji wengine.

Iwapo mtu amenaswa na umeme, asiguswe kwa mikono. Meni swichi izimwe kwanza, kisha apelekwe kituo cha afya haraka hata kama anajisikia vizuri. Moto uliosababishwa na umeme usimwagiwe maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.