Kununua Si Kusaidia

Mara nyingi nimewasikia walionunua mkufu au kinyago huko Bombolulu wakijisifu kwamba "wamewasaidia walemavu". Kwangu mimi mwanaisimu, kauli hiyo ina kasoro. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 ili wenye ulemavu wa viungo wapate kazi na ujira, si sadaka. Kitenzi "kusaidia" humfanya mnunuzi kuwa mtenda. Fundi aliyeufua mkufu na kukichonga kinyago hubaki mtendwa tu. Tuseme "nimenunua kazi ya fundi", naye atarudi mahali pake. Walimu, lipimeni jambo hili darasani. Mtoto mlemavu anatusikiliza. Katika maneno yetu ndimo anamojifunza iwapo kesho atakuwa fundi au ombaomba.