Je, Wajua? Albamu Iliyotoka Bendi Ikiwa Imeshakufa

Je, wajua kwamba albamu ya Spiderland ilipoingia madukani Machi 1991, bendi iliyoipiga ilikuwa imeshavunjika? Hapakuwa na ziara, hapakuwa na video, wala mtu wa kwenda redioni kuipigia debe. Slint, vijana wanne wa Louisville katika jimbo la Kentucky, walikuwa wameachana tangu mwishoni mwa 1990, pale mwimbaji wao Brian McMahan alipojitoa. Albamu haikugusa chati yoyote ya Marekani. Leo kaa na watu wanaoupenda muziki wa roki mbadala, wale wa kukesha nao, uwatajie jina la Spiderland uone watakavyokusogelea.

Louisville ndiko alikozaliwa Muhammad Ali, na wengi wetu tunaujua mji huo kwa ajili yake tu.

Je, wajua Slint maana yake nini? Ni jina la samaki. Britt Walford, mpiga ngoma, alikuwa na samaki wa kufuga aliyeitwa hivyo. Na kwenye albamu yao ya kwanza, Tweez ya mwaka 1989, nyimbo zimepewa majina ya wazazi wa wanabendi, isipokuwa Rhoda, ambalo ni jina la mbwa wake Walford. Mimi naona wazazi wale walistahili, maana mazoezi yalikuwa yakifanyika nyumbani kwa akina Walford, kwenye chumba cha chini ya nyumba, na si kila mzazi angevumilia magitaa yakitikisa sakafu anapokula chakula cha jioni.

Jalada la Spiderland linataka kutazamwa polepole. Picha ni nyeusi na nyeupe. Vichwa vinne vimechomoza majini, maji yamewafika kidevuni, miili yote imemezwa. Wanatabasamu. Mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Ni maji, mwamba, na nyuso nne ambazo zingeweza kuwa za vijana wowote waliotoroka jua la mchana. Ni wanabendi wenyewe, wakiogelea kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji huko Utica, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Aliyepiga picha ni rafiki yao Will Oldham, ambaye baadaye dunia ilimjua kama mwanamuziki Bonnie "Prince" Billy. Geuza jalada, nyuma utakuta tangazo dogo: waimbaji wa kike wanaotaka kujiunga na bendi waandike barua, na anwani ya Louisville ikafuata. Tangazo hilo huniuma kila nikilisoma. Lilichapishwa, likasafirishwa, likasomwa, na bendi yenyewe haipo.

Jina la Spiderland lilitoka kwa mdogo wake Walford, aliyeusikia muziki ule akasema una ubuibui ndani yake. Kwetu neno buibui lina maana mbili, mdudu na vazi, na mtu wa pwani akiisikiliza albamu hii ataona zote mbili zinafaa: utando unaosukwa uzi kwa uzi, na weusi unaofunika hadi miguuni.

Je, wajua ilirekodiwa kwa siku nne? Agosti 1990, studio ya River North, Chicago, fundi wa sauti akiwa Brian Paulson. Nyimbo sita tu, dakika 39 na ushei. Hakuna kati ya wanabendi aliyekuwa amefika miaka 25, na sehemu kubwa ya maneno ilimaliziwa palepale studio.

Sasa kuhusu muziki wenyewe, na hapa naomba nisikimbie.

Roki tuliyoizoea huingia kwa kishindo na kutoka kwa kishindo. Slint walitumia kimya kama wengine wanavyotumia ngoma. McMahan haimbi sana. Anazungumza, tena chini chini, kama jirani anayekupa habari barazani huku akichunga nani anapita. Gitaa la David Pajo linadondosha noti moja, linangoja, linadondosha nyingine, mfano wa bomba lisilofungwa vizuri usiku. Mimi albamu hii nilikopiwa kwenye flashi na rafiki, bila picha wala maelezo, na mara ya kwanza niliisikiliza nikiwa kwenye daladala. Wimbo ulikuwa Washer, unaokaribia dakika tisa. Sikuwa nasikia vizuri, nikaongeza sauti. Bado ananong'ona, nikaongeza tena, hadi mwisho. Nikazoea. Nikawa natazama dirishani, nimeshasahau kama nimefungulia sauti yote. Halafu magitaa yakafumuka. Niliruka kwenye kiti hadi mama aliyekaa pembeni yangu akashika mfuko wake wa nyanya. Na kabla sijashusha sauti, kishindo kilishapita, tumerudi kwenye noti zile zile chache. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo. Tangu siku ile msemo huo nausikia kwa masikio mengine.

Wimbo wa Don, Aman hauna ngoma hata kidogo. Ni magitaa mawili, na anayezungumza ni Walford, yule yule mpiga ngoma.

Wimbo wa Nosferatu Man umetokana na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Jaribu kuupigia makofi manne manne kama tulivyozoea. Muda si mrefu utakuwa umeachwa njiani, kwa sababu beti zake zinakwenda kwa mapigo matano.

Je, wajua ni nani aliyeusifu muziki huu mapema kuliko karibu wote? Steve Albini, fundi aliyewarekodi kwenye Tweez, aliandika uhakiki katika gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, akaipa Spiderland nyota kumi. Alitabiri kwamba baada ya miaka kumi itakuwa alama ya njia na watu watahangaika kuitafuta, hivyo afadhali wainunue mapema. Wachache sana walimsikiliza. Ila utabiri ulitimia, na walioutimiza ni mashabiki: mtu anamkopia mwenzake kaseti, mwenzake anaipeleka mji mwingine, huko anatokea kijana mwenye gitaa anayekwenda nyumbani kujaribu. Mwaka 1995 wimbo wa mwisho, Good Morning, Captain, uliwekwa kwenye albamu ya nyimbo za filamu ya Kids, na wasikilizaji wapya wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Muziki uliokuja kuitwa post-roki umekunywa sana kwenye kisima hiki. Bendi ya Mogwai ya Glasgow ni mfano mmoja tu.

Good Morning, Captain, wimbo huo wa nahodha, ndio ninaoupenda kuliko yote, na nadhani mtu yeyote aliyekulia karibu na bahari atauelewa upesi. Meli imevunjika, nahodha amesalia, anagonga mlango wa nyumba, na nyuma ya mlango kuna mtoto. Besi ya Todd Brashear inarudi mahali pamoja, inarudi tena, kama wimbi dogo linalopiga ngazi za gati. McMahan ananong'ona dakika baada ya dakika. Kisha, karibu kabisa na mwisho, anapiga ukelele wa mtu anayemlilia aliyemkosa, anaurudia, sauti inapasuka, na albamu imekwisha. Hakuna wimbo mwingine wa kukutuliza. Mara ya kwanza nilibaki nimeishika simu mkononi, nikidhani imezima chaji.

Mengine kwa haraka. Walford alipiga ngoma kwenye Pod, albamu ya bendi ya The Breeders ya mwaka 1990, kwa jina la bandia: Shannon Doughton. Pajo akaingia bendi ya Tortoise, na baadaye ya Zwan. McMahan, Walford na Brashear walimsaidia Will Oldham kwenye albamu yake ya kwanza mwaka 1993, yule yule aliyewapiga picha majini. Toleo la CD la Spiderland lina maandishi yanayokuambia kwamba rekodi hii imekusudiwa kusikilizwa kwenye santuri. Niliisikia kwenye daladala kabla sijajua hilo.

Mapenzi ya mashabiki hayakubaki kwenye kaseti. Scott Tennent aliandika kitabu kizima juu ya albamu hii, kikatoka mwaka 2010. Lance Bangs, shabiki mwenye kamera, aliwafuatilia kwa miaka mingi hadi 2014 alipotoa filamu ya Breadcrumb Trail, jina alilolichukua kwenye wimbo wa kwanza. Mwaka huo huo lebo yao ya Touch and Go ya Chicago ilitoa kasha la santuri, kitabu na filamu hiyo, nakala 3,138 tu.

Na je, wajua kwamba walirudi jukwaani? Februari 2005, kwenye tamasha la All Tomorrow's Parties huko Camber Sands, Uingereza, watu waliokuwa wameishi na kaseti za kukopiwa walisimama hatimaye mbele ya Slint. Walikuwepo McMahan, Pajo na Walford. Besi ilishikwa na mtu mwingine, kwa sababu Brashear hakujiunga nao. Yeye alikuwa na duka lake Louisville, Wild and Woolly, alilolifungua mwaka 1997 na kuliendesha hadi 2015. Lilikuwa duka la kuazimisha kanda za video. Mtu aliyepiga besi ya nahodha alikaa nyuma ya kaunta, akipokea kanda zilizorudishwa.