Chembe za chokaa sikioni na msimu wa korosho

Korosho iliyokomaa haichumwi mtini. Bibo huachwa liive na kuanguka lenyewe, ndipo mwokotaji anainama, anatenganisha korosho na bibo, anainuka, anapiga hatua mbili, anainama tena. Msimu wa Nachingwea na Ruangwa ndiyo kazi hiyo kutwa nzima. Na iko aina ya kizunguzungu inayochokozwa na mwendo huohuo, na pia kwa kuinua uso kutazama juu au kugeuka kitandani: shamba zima linazunguka kwa sekunde kadhaa, kichefuchefu kinapanda, kisha kunatulia. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Ni rahisi mgonjwa kupimwa presha na malaria, akaambiwa apumzike. Hoja yangu ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa wangeweza kupona siku hiyohiyo, palepale zahanati, kwa kitanda na mikono miwili ya tabibu.

Ndani kabisa ya sikio mna mirija mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, imekaa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye pembe ya chumba. Ukigeuza kichwa, majimaji huchelewa kidogo, husukuma vinyweleo, na ubongo hupata habari. Jirani yake kuna kifuko chenye chembe za chokaa. Umri ukisogea, au kichwa kikigongwa, chembe hung'oka na kutumbukia katika mrija, mara nyingi ule wa nyuma. Kila ukiinama zinateremka, zinaburuta majimaji, na ubongo unaambiwa kuna mzunguko ambao haupo. Linalostaajabisha ni jinsi jicho linavyotoboa siri ya sikio. Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza kipimo cha kuisoma siri hiyo mwaka 1952: mgonjwa ameketi, kichwa kinageuzwa nyuzi 45, analazwa chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya kitanda. Kwa sekunde chache hakuna kitu. Halafu macho yanaanza kurukaruka, sehemu yake ya juu ikijipinda kuelekea sikio lililo chini, na kabla ya dakika kuisha yametulia. Ule ukimya wa mwanzo ndio muda wa chembe kuanza safari.

John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani, aliona kwamba kilichoingia kwa uzito wake kinaweza kutolewa kwa uzito huohuo. Wenzake walimkejeli alipoeleza mbinu yake mwaka 1980. Makala yake ilichapishwa mwaka 1992. Utaratibu wake ni huu: baada ya kumlaza mgonjwa vile, subiri macho yatulie, geuza kichwa nyuzi 90 upande wa pili, subiri, mgeuze mwili mzima ubavu, uso ukitazama sakafu, subiri, kisha mketishe. Chembe zimefuata mkunjo wa mrija na kurudi kwenye kifuko. Dakika tano zinatosha, bila dawa wala mashine.

Atakayepinga atasema kizunguzungu huweza kuwa kiharusi. Ni kweli, ndiyo maana kipimo kinatangulia tiba: anayeona vitu viwili viwili, aliyelemewa ulimi au kulegea mkono apelekwe hospitali mara moja. Wala mbinu hii haimsaidii aliyeharibiwa vinyweleo na sindano za streptomisini au gentamisini. Mwingine atasema chembe hutulia zenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa wengi hutulia, lakini kwa bibi mwenye mikorosho wiki kadhaa ndizo msimu wenyewe, na akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Tatizo hili pia hurudi. Basi nani atawafundisha matabibu wa zahanati za huku namna ya kuyasoma macho? Na kuinama kutwa nzima, je, kunazing'oa chembe, au kunazichokoza tu zilizokwisha kung'oka?